Chuo ndani ya ghala: kisa cha Sabhal Mòr Ostaig, kisiwani Skye

Mwombe mtaalamu wa mipango ya elimu akutafutie mahali pa kujenga chuo. Rasi ya Sleat haitakuwamo kwenye orodha yake. Iko kusini mwa kisiwa cha Skye, pwani ya magharibi ya Uskoti. Mji mkubwa ulio karibu ni Inverness, nao uko zaidi ya saa mbili kwa gari, kwa barabara inayojipinda kufuata milima na kingo za maziwa. Mwaka 1973 hata daraja la kuingia kisiwani halikuwapo. Watu walivuka kwa feri, na bahari ikichafuka walingoja. Mwezi wa Desemba urefu wa mchana wa huko haufiki muda wa saa saba. Wakazi wa rasi nzima walikuwa wachache, na kijana akimaliza shule alifunga mizigo akaenda Glasgow au mbali zaidi.

Ndipo hapo, mwaka huo, kikafunguliwa chuo. Hakikuwa na jengo lake. Kiliwekwa ndani ya majengo ya shamba yaliyochakaa, ghala na mazizi ya mawe yaliyojengwa karne ya 19, na jina kikalichukua kwa ghala lenyewe: Sabhal Mòr Ostaig, yaani Ghala Kuu la Ostaig. Na kama vile umbali hautoshi, waanzilishi wakaamua kwamba lugha ya chuo itakuwa Kigaeli, ambayo Waskoti walio wengi hawaelewi hata salamu yake.

Kwa hesabu za kawaida kilipaswa kufungwa ndani ya miaka michache. Zaidi ya nusu karne baadaye kingali hai. Ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Nyanda za Juu na Visiwa, kinatoa shahada, na ndicho chuo pekee duniani ambamo masomo yote ya elimu ya juu hufundishwa kwa Kigaeli cha Uskoti. Wanafunzi wanaokaa palepale wamekuwa wakizunguka mia moja hivi. Wengine wengi husoma kwa mbali au huja kwa kozi fupi. Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya ushindi. Ushindi upo, sibishi. Lakini nadhani si ule unaosimuliwa, na kuelewa tofauti hiyo kuna manufaa kwa yeyote anayefikiria chuo kidogo kinaweza kuifanyia nini jamii iliyo pembezoni.

Lugha na ardhi

Tuanze na kilichokuwa kimeharibika. Sheria ya Elimu ya mwaka 1872 iliwalazimu watoto wote wa Uskoti kwenda shule, na haikutaja Kigaeli hata kwa neno moja. Mtoto aliyelelewa kwa Kigaeli aliingia darasani akakuta mwalimu, kitabu na mtihani vyote ni vya Kiingereza. Mahali pengine aliyekamatwa akiongea lugha ya nyumbani alivikwa kijiti shingoni, na kijiti hicho kilihama kutoka mtoto hadi mtoto kadiri walivyonaswa. Msomaji wa Kenya aliyewahi kuvishwa "diski" shuleni kwa kosa hilohilo hahitaji maelezo zaidi.

Lakini ukisoma kuhusu Skye utaona kwamba shule peke yake haikutosha kuiangusha lugha. Ilianguka zaidi kwa sababu wasemaji wake waliondolewa kwenye ardhi. Mabwana wa ardhi waligundua kwamba kondoo wanaleta fedha kuliko wapangaji. Vijiji vya Boreraig na Suisnish, kusini mwa kisiwa, vilihamishwa kwa nguvu mwaka 1853 ndani ya milki ya Lord Macdonald. Mwaka 1841 kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya 23,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 hawakufika 8,000. Waliokwenda Kanada, Australia na viwandani Glasgow waliondoka na Kigaeli chao, na wengi kikawafia huko baada ya vizazi kadhaa. Sensa ya 1891 ilihesabu wasemaji 254,415 katika Uskoti nzima. Ile ya 1981 ilipata wasiofika 83,000.

Naisisitiza ardhi kwa sababu itarudi baadaye katika kisa hiki, kwa sura nyingine.

Bwana mpya

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 milki ya Macdonald ilielemewa na madeni ikauzwa kwa vipande. Mnunuzi wa sehemu kubwa, mwaka 1972, alikuwa Iain Noble. Alizaliwa Berlin mwaka 1935, akasoma Eton na Oxford, na mwaka 1969 alishiriki kuanzisha benki ya uwekezaji mjini Edinburgh. Kigaeli hakukinyonya kwa mama yake. Alijifunza akiwa mtu mzima. Sisi tukisikia habari za kuokoa lugha hukimbilia "mwacha asili ni mtumwa". Hapa aliyeanza kazi hakuwa na asili ya kuacha. Alikuwa mgeni mwenye fedha.

Alichokuwa nacho zaidi ya fedha ni mfano aliouona kwa macho. Alikwenda Visiwa vya Faroe, katikati ya bahari kati ya Uskoti na Iceland, ambako watu wasiozidi 40,000 wakati huo walikuwa wakiendesha shule, biashara, magazeti na serikali yao ya ndani kwa lugha yao wenyewe. Samaki wao hawakukataa kuuzwa kwa sababu ankara iliandikwa Kifaroe. Noble akaona kwamba udogo si hoja, na umbali si hoja. Alichokosa Mgaeli ni kujiamini, na mbele ya benki kujiamini kuna thamani. Hii ni hoja ya mfanyabiashara, na chuo kilibeba alama yake tangu mwanzo.

Namna alivyotumia nguvu zake inaonekana vizuri katika suala la vibao vya barabarani. Halmashauri ilihitaji kipande cha ardhi yake kwa ajili ya barabara karibu na Portree, mji mkuu wa kisiwa. Akasema ardhi wataipata, ila vibao viandikwe kwa lugha mbili. Wakubwa wa halmashauri walikasirika, wakavutana naye, mwishowe wakakubali vibao vichache kama jaribio. Leo vibao vya lugha mbili vimeenea kote Nyanda za Juu.

Kuna jambo hapa ambalo wanaomsifu Noble hulipitia haraka. Mfumo uliomwezesha mtu mmoja kuamua lugha ya kibao cha barabara ni uleule uliomwezesha Lord Macdonald kuvunja vijiji. Safari hii bwana wa ardhi alikuwa upande wa lugha, lakini mpangaji alibaki kuwa mpangaji, na chuo cha jamii kilizaliwa kwa uamuzi wa mtu aliyeinunua jamii hiyo pamoja na malisho yake. Sisemi hili kumshusha. Nalisema kwa kuwa linaeleza kwa nini chuo kilichukua muda kuwa mali ya watu wa Sleat, na kwa nini Noble na wenzake walikiweka mapema chini ya wadhamini badala ya kukiacha kiwe kiwanja chake binafsi.

Kutoka kozi za kiangazi hadi biashara

Miaka kumi ya kwanza ilikuwa ya kuvumilia tu. Kulikuwa na maktaba, kozi fupi, mikusanyiko ya majira ya kiangazi. Mwaka 1975 hadi 1976 Sorley MacLean, mshairi mkubwa kuliko wote wa Kigaeli katika karne ya 20, mzaliwa wa kisiwa cha jirani cha Raasay, alikuwa mshairi mkaazi wa chuo. Jina lake lilikipa heshima. Lakini heshima haijazi bweni, na mtu angeweza kusema bila uchoyo kwamba Sabhal Mòr Ostaig palikuwa mahali pazuri pa kwenda likizo ukajifunza nyimbo.

Badiliko lilikuja mwaka 1983, na mimi nalihesabu kuwa ndilo kiini cha kisa kizima. Mwaka huo chuo kilianza kozi za muda wote. Ungetarajia kianze na isimu, au fasihi simulizi, au historia ya koo. Kikaanza na stashahada ya juu ya masomo ya biashara, ikiambatana na masomo ya maeneo ya Wagaeli. Biashara, kwa Kigaeli, ndani ya ghala.

Uamuzi huu ulionekana wa ajabu wakati ule na bado haujaeleweka vya kutosha. Chuo kinachofundisha lugha kama somo kinamtoa mtu anayejua mambo mengi kuhusu lugha. Chuo kinachofundisha biashara kwa lugha hiyo kinamlazimisha mwalimu asimame Jumatatu asubuhi na kueleza mtaji, faida ghafi na mizania bila kukimbilia Kiingereza. Istilahi zisipokuwapo zinatafutwa kabla ya kipindi kijacho, kwa sababu mwanafunzi ana mtihani, na hakuna kamati inayoweza kukaa miaka mitatu ikizijadili. Na mwanafunzi akihitimu anatoka na ujuzi ambao mtu atamlipa kwa ajili yake.

Kisha wakati ukawa upande wao. Mwaka 1982 lilianzishwa shirika la kusimamia vikundi vya watoto wadogo wa Kigaeli. Mwaka 1985 madarasa ya kwanza ya msingi yanayofundisha kwa Kigaeli yalifunguliwa Glasgow na Inverness. Mwishoni mwa 1989 serikali ya Uingereza ilitangaza mfuko wa pauni milioni 8 kwa ajili ya vipindi vya televisheni vya Kigaeli. Ghafla palihitajika walimu, watayarishaji, wahariri, wapiga picha, wahasibu wa kampuni ndogo za filamu, wote wenye Kigaeli cha kazi, wala Uskoti haikuwa nao. Chuo cha Sleat kikawa ndicho kiwanda pekee kilichokwisha kuwasha mitambo. Kikaongeza mafunzo ya utangazaji, na wahitimu wakaanza kuajiriwa mahali ambapo lugha, iliyomchapisha bibi yao viboko, ilikuwa sharti la kupata mshahara. BBC Alba, televisheni ya Kigaeli, ilipoanza kurusha matangazo Septemba 2008, sekta iliyokuwa ikiihudumia ilikuwa imejaa watu waliopitia pale.

Naomba niseme neno kuhusu kwetu, kisha nirudi Skye. Vyuo vikuu vya Tanzania na Kenya vina idara za Kiswahili zenye wasomi hodari wa fonolojia, ushairi na riwaya. Mlango wa pili kutoka hapo mwanafunzi wa uhasibu anafundishwa kwa Kiingereza, na hata sera ya elimu ya Tanzania ya mwaka 2014, iliyokifungulia Kiswahili mlango wa kufundishia ngazi zote, haijakiingiza katika darasa la fizikia la sekondari. Tuna wasemaji wanaohesabiwa kwa makumi ya mamilioni. Wale walikuwa na ghala, na hawakungoja sera.

Umbali uligeuka kuwa chombo

Swali ambalo huulizwa sana ni kwa nini chuo hakikuhamishiwa Inverness au Glasgow, waliko wanafunzi, ajira na treni. Hoja hiyo ina uzito. Glasgow ina wasemaji wengi wa Kigaeli kuliko Skye nzima.

Lakini fikiria mwanafunzi wa Glasgow. Anasoma Kigaeli saa nne kwa siku, anatoka nje, na kuanzia kituo cha basi hadi kitandani ni Kiingereza. Sleat hakuna pa kukimbilia. Chakula kinaombwa kwa Kigaeli, ofisi ya malipo inakujibu kwa Kigaeli, ugomvi wa nani hajaosha sufuria bwenini unafanyika kwa Kigaeli. Wanafunzi na wafanyakazi hufika wakijua kwamba hiyo ndiyo kanuni ya mahali. Jioni za baridi, giza likiingia kabla ya saa kumi alasiri na mvua ikipiga madirisha kwa pembeni, burudani ni fidla, nyimbo, au maneno. Mtu aliyefika Septemba akibabaika kusema jina lake, Mei anaota kwa lugha hiyo. Hakuna mtaala unaoweza kufanya hivyo bila kusaidiwa na jiografia.

Hapo ndipo nasema udhaifu mkubwa wa mahali ulikuwa mtaji wake. Mshauri wa mipango angeona kilomita; waanzilishi waliona ukuta unaozuia Kiingereza kisiingie kila dakika. Ukuta huo uligharimu, bila shaka. Mama mwenye watoto watatu huko Dundee hawezi kuhamia bwenini Sleat. Mfanyakazi wa benki hawezi kuacha kazi mwaka mzima. Chuo kililijibu hilo kwa kozi ya kuingilia inayosomwa kwa mbali, iitwayo An Cùrsa Inntrigidh, ambayo mwalimu na kikundi kidogo cha wanafunzi walikutana kwa simu kila wiki, miaka mingi kabla ya mikutano ya video kuwa jambo la kila nyumba. Ilikuwa njia duni ukilinganisha na kuishi pale, lakini iliwaleta watu hadi mlangoni, na wengi wao baadaye walikuja kwa wiki moja ya kiangazi, au mwaka mzima.

Mandhari nayo ilifanya kazi yake. Ukisimama chuoni unaona Mlangobahari wa Sleat, na ng'ambo yake milima ya Knoydart, ambayo wakati wa baridi huwa myeupe hadi karibu na maji. Wanafunzi kutoka Ujerumani, Marekani na kwingineko wamevutwa na picha hiyo kwanza, lugha baadaye. Sioni ubaya. Kila chuo kina chambo chake.

Kukua

Sehemu hii nitaipitia upesi, kwa kuwa ni ya majengo na vyeti, na vyuo vyote vinavyokua hufanana hapo. Daraja la Skye lilifunguliwa Oktoba 1995, likiwa na tozo kubwa ambayo wakazi waliipinga mahakamani na barabarani hadi ikafutwa Desemba 2004. Mwishoni mwa miaka ya 1990 chuo kilijenga kampasi mpya ng'ambo ya barabara, Àrainn Chaluim Chille, yenye mnara unaotazama bahari. Ghala la zamani likabaki likitumika. Chuo kikaungana na vyuo vingine vya kaskazini katika mtandao ambao mwaka 2011 ulipata hadhi ya chuo kikuu kamili. Norman Gillies, aliyekiongoza kwa miaka mingi hadi 2008, ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya kazi hiyo ya kuomba, kushawishi na kujenga.

Jambo moja la kipindi hiki linastahili kutajwa kwa utulivu. Kuanzia mwaka 2006 chuo kimekuwa makao ya Tobar an Dualchais, mradi wa kuziweka katika mfumo wa dijitali rekodi za sauti za karne ya 20: nyimbo, hadithi, dua na mazungumzo ya wazee, zilizokuwa zimelala katika hifadhi za Chuo Kikuu cha Edinburgh, za BBC, na za mkusanyaji John Lorne Campbell wa kisiwa cha Canna. Maelfu kwa maelfu ya vipande sasa yanasikilizwa bure mtandaoni. Kijana anayejifunza wimbo leo anaweza kumsikia aliyeuimba mwaka 1950 na akajua ni kijiji gani. Kozi za muziki wa asili zilizokua chuoni zinalisha na kulishwa na hazina hiyo. Mwimbaji Julie Fowlis ni mmoja wa waliopita pale.

Na rasi yenyewe ilibadilika. Sleat, iliyokuwa ikipungukiwa watu kwa vizazi, ilianza kuongezeka. Chuo kilikuwa miongoni mwa waajiri wakubwa wa eneo, na nafasi zake zilikuwa za mwaka mzima, si za msimu wa watalii. Watoto waliongezeka shuleni. Katikati ya miaka ya 2000, lilipoletwa pendekezo la kuifanya shule ya msingi ya Sleat kuwa ya Kigaeli, wazazi waligawanyika vibaya. Wapo waliosema chuo kimewaletea lugha wasiyoiomba. Wengi wa waliopinga walikuwa wamehamia kutoka nje, lakini si wote, na hilo la mwisho ndilo lililouma.

Deni

Julai 2020 ulichapishwa utafiti mkubwa kuhusu hali ya Kigaeli katika jamii ambako bado kilikuwa lugha ya nyumbani: Visiwa vya Magharibi, kisiwa cha Tiree, na Staffin, kaskazini mwa Skye hiyohiyo. Kiongozi wake, Conchúr Ó Giollagáin, ni profesa katika chuo kikuu ambacho Sabhal Mòr Ostaig ni sehemu yake. Matokeo yalikuwa mazito: wasemaji wa jamii hizo wamebaki karibu 11,000, wengi wao wazee, na mambo yakiendelea hivi Kigaeli kama lugha ya kijiji kitaporomoka ndani ya muongo mmoja.

Wapo wanazuoni waliopinga, wakisema utafiti uliwadharau wasemaji wapya na wa mijini. Sensa ya 2022 ikawapa wote silaha. Walioweza kuongea Kigaeli walikuwa 69,701, ongezeko la kwanza kubwa baada ya miongo mingi ya kupungua. Mwaka 2011 walikuwa 57,602. Lakini katika Visiwa vya Magharibi, ngome ya mwisho, walioongea Kigaeli walishuka kutoka asilimia 52 hadi 45. Kwa mara ya kwanza huko wakawa wachache kuliko wasioongea.

Ziweke hesabu hizo mbili pamoja na utaona chuo kilifanya nini. Kilichangia kuiongeza namba ya kwanza. Ya pili hakikuigusa, na sijui kingeigusaje. Chuo kinaweza kumpa mtu wa miaka 20 ufasaha, cheti na mshahara. Hakiwezi kukaa jikoni na mtoto wa miaka miwili. Wanaokilaumu kwa kutookoa vijiji wanakidai kazi ya bibi. Ila chuo nacho, pamoja na serikali inayokigharimia, vimekuwa vikizungumza kana kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja. Hapo lawama inastahili.

Na kuna nyumba. Skye imekuwa mojawapo ya vivutio vikubwa vya utalii Uskoti. Magari hujipanga Old Man of Storr na Fairy Pools kiangazi chote. Mandhari ileile iliyokuwa chambo cha wanafunzi imekuwa chambo cha wanunuzi wa nyumba za likizo na wapangishaji wa muda mfupi. Mhitimu mwenye Kigaeli safi, aliyempata mwenzi wake bwenini, anayetaka kubaki Sleat na kulea watoto kwa lugha hiyo, anakuta bei inayomzidi mara kadhaa. Anaondoka. Safari hii hakuna askari wala kondoo, lakini gari la mizigo linaelekea upande uleule.

Kwa maoni yangu hapa ndipo mpango ulipopungua. Mabweni yalijengwa mapema, kwa kuwa mwanafunzi ni mtu anayehesabika kwenye bajeti ya elimu. Nyumba za wahitimu hazikuwa bajeti ya mtu yeyote. Mpango wa kijiji kipya huko Kilbeg, kwenye ardhi jirani na chuo, ulikuja baadaye sana, na awamu yake ya kwanza iliyosimama, katika miaka ya 2010, ilikuwa Ionad Iain Nobail. Ni jengo zuri, lenye jina la mwanzilishi, aliyefariki Krismasi ya mwaka 2010. Nalo ni jengo la chuo.

Ninajua utetezi. Fedha za nyumba zina masharti yake, halmashauri ina foleni yake, na chuo si shirika la nyumba. Lakini Sabhal Mòr Ostaig hakikuwa na uzoefu wa kufundisha biashara pia mwaka 1983, wala ghala halikuwa darasa mwaka 1973. Kilichokitofautisha mwanzoni ni kwamba kilimiliki mahali, kikaamua mambo yake hapo. Noble, pamoja na kasoro zote za ubwana, alielewa kwamba mwenye ardhi ndiye anayechagua kibao.

Juni 2025 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria inayokipa Kigaeli hadhi rasmi, na ndani yake halmashauri zinaweza kutangaza maeneo yenye umuhimu wa kilugha. Sheria inasema mengi kuhusu elimu na mipango ya lugha. Kuhusu nani auziwe nyumba na kwa bei gani, haina meno hayo. Halmashauri ya Highland, inayoisimamia Skye, ikifika kuijadili Sleat, ingeanza na daftari la viwanja vya Kilbeg, iwaulize wahitimu waliohamia Inverness ni kiasi gani cha kodi ya mwezi kingewarudisha.